Msimu wa timu ndogo: nani anavuna vijana wa Nyanda za Juu Kusini?

Msimu wa soka ukianza, shabiki wa Nyololo huwa na masikio mawili. Moja linasikiliza Simba na Yanga. La pili linasikiliza timu za kwetu, kutoka Iringa, Mbeya na Njombe, ambazo leo ziko Ligi Kuu, kesho ziko Championship, na keshokutwa hazisikiki kabisa.

Makala haya ni kwa ajili ya hilo sikio la pili. Anayefuata timu ndogo kwa kutazama msimamo wa ligi peke yake hukata tamaa mapema, kwa sababu timu hizi hazikai juu kwa muda mrefu. Zao lake kubwa ni vijana wanaokua humo na kuchukuliwa na wengine. Kwa hiyo swali la kuuliza kila msimu ni hili: kijana aliyekuzwa hapa akichukuliwa, timu iliyomkuza inabaki na nini?

Mara nyingi jibu ni kwamba haibaki na kitu. Mkulima wa Mufindi anaijua hali hiyo. Mwenye shamba la misindano akibanwa na ada ya shule huuza miti ikiwa bado michanga, kwa bei anayotaja dalali. Miaka kadhaa baadaye miti hiyo hiyo inapita barabara kuu ikiwa magogo, na faida ni ya mtu mwingine. Katika soka, kinachoamua nani apate faida hiyo ni makaratasi: usajili, mkataba na kumbukumbu.

Ngazi zenyewe zikoje

Tuanze chini. Kuna ligi ya wilaya, kisha ligi ya mkoa. Mabingwa wa mikoa hukutana katika Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, ile inayoitwa RCL. Zinazofanya vizuri hupanda First League, halafu Championship, ambayo hadi mwaka 2021 ilijulikana kama Ligi Daraja la Kwanza. Juu kabisa ni Ligi Kuu.

Championship ina timu 16, na kila timu hucheza michezo 30, nyumbani na ugenini. Mbili za juu hupanda Ligi Kuu moja kwa moja. Ya tatu na ya nne huingia mechi za mchujo, na atakayeshinda hukutana na timu ya Ligi Kuu inayopigania kubaki.

Michezo 30 si midogo kwa timu isiyo na tajiri. Timu ya Mbeya inaweza kutakiwa Shinyanga au Musoma, safari ndefu ya basi, na kila safari ina chakula, malazi na posho. Mapato ya mlangoni ni madogo. Ndiyo maana viongozi wa timu nyingi hutafuta fedha ya leo, na mambo ya kesho huachwa. Kijana mwenye kipaji akihitajika na timu kubwa katikati ya msimu, kiongozi anayedaiwa nauli ya basi hana nguvu ya kukaa mezani na kujadili bei.

Timu zetu zimepitia nini

Mbeya City ilianzishwa mwaka 2011 chini ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2013, na katika msimu wake wa kwanza, 2013/14, ilimaliza ya tatu, nyuma ya Azam na Yanga na mbele ya Simba. Kocha alikuwa Juma Mwambusi, na kikosi chake kilikuwa na vijana wengi ambao nchi haikuwa inawajua. Kufikia mwaka 2015 kiungo Deus Kaseke alikuwa Yanga, Peter Mwalyanzi alikuwa Simba, na Mwambusi mwenyewe alikuwa kwenye benchi la Yanga kama kocha msaidizi. Mbeya City haikurudi tena nafasi ya tatu. Mwaka 2023 ilishuka daraja baada ya kufungwa na Mashujaa katika mchujo, ikakaa Championship misimu miwili, na mwaka 2025 ikapanda tena ikiwa ya pili nyuma ya Mtibwa Sugar.

Katikati ya miaka hiyo iliendelea kutoa wachezaji. Mshambuliaji Eliud Ambokile alitokea hapo akaenda Black Leopards ya Afrika Kusini, kisha TP Mazembe ya Kongo mwaka 2019. Kibu Denis alipita Mbeya City kabla ya kujiunga na Simba mwaka 2021. Ukitazama msimamo wa ligi peke yake, utasema hiyo ilikuwa miaka ya kuhangaika. Ukitazama wachezaji, utaona timu haikuacha kuzaa.

Lipuli ya Iringa, Wanapaluhengo, ni mfano wa karibu zaidi na sisi. Ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017, msimu mmoja na Njombe Mji. Mwaka 2018 mshambuliaji Adam Salamba aliondoka kwenda Simba. Mwaka 2019, chini ya kocha Seleman Matola, Lipuli iliifunga Yanga 2-0 kwenye Uwanja wa Samora katika nusu fainali ya Kombe la Shirikisho. Fainali ilichezwa Uwanja wa Ilulu, Lindi, na Azam ikashinda 1-0. Baada ya fainali ile, beki Ally Mtoni alikwenda Yanga, Miraji Athumani na Haruna Shamte wakaenda Simba, na Matola naye akaondoka. Mwaka uliofuata, 2020, Lipuli ilishuka daraja.

Kuondoka kwa wachezaji si sababu pekee ya timu kuanguka. Timu inaweza kuwa na madeni au uongozi uliogawanyika. Lakini mtiririko unaonekana: timu inalea, inang'ara msimu mmoja, inavunwa, inaanguka. Kama mavuno yangelipwa ipasavyo, fedha hiyo ingesajili wengine na kulipa makocha wa vijana.

Mfano wa tatu ni Ihefu ya Mbarali. Ilipanda mwaka 2020, ikashuka 2021, ikarudi 2022. Novemba 2022, kwenye uwanja wa Highland Estates, Ihefu iliifunga Yanga 2-1 na kukata mfululizo wa mechi 49 za ligi ambazo Yanga haikuwa imepoteza. Wengi tunaikumbuka siku ile. Msimu wa 2023/24 ulipokuwa unaendelea, timu ilihamia Singida, na mwaka 2024 ikabadili jina kuwa Singida Black Stars. Nafasi ya Ligi Kuu iliyopiganiwa Mbarali sasa inachezewa mkoa mwingine.

Zipo pia zilizopanda na kushuka haraka. Njombe Mji ilikaa Ligi Kuu msimu mmoja, 2017/18. Mbeya Kwanza ilipanda 2021 na kushuka 2022. Ken Gold ya Chunya ilikuwa bingwa wa Championship 2024 na ikashuka 2025. Tanzania Prisons, iliyo chini ya Jeshi la Magereza, ndiyo iliyodumu zaidi, na sababu mojawapo ni kwamba ina taasisi nyuma yake.

Jinsi ya kufuata msimu

Msimu una hatua, na kila hatua ina jambo lake la kutazama.

Hatua ya kwanza ni usajili, kabla ligi haijaanza. Usihesabu majina makubwa yanayoletwa. Uliza umri na urefu wa mkataba. Timu ndogo inayosajili wakongwe kumi na watano kwa mkataba wa mwaka mmoja inacheza kamari ya kupanda daraja. Isipopanda, mwisho wa msimu wote huondoka na timu haina cha kuuza. Timu inayochanganya wakongwe wachache na vijana wa miaka 17 hadi 21 wenye mikataba ya miaka miwili au mitatu inapanda miti.

Hatua ya pili ni mzunguko wa kwanza. Hapa tazama dakika. Mabao humdanganya msikilizaji, kwa sababu mfungaji ndiye anayetajwa redioni, na beki wa kulia aliyecheza dakika 90 mara kumi na mbili mfululizo hatajwi. Kijana wa miaka 19 anayeanza kila mchezo katika Championship, ugenini na nyumbani, ni mali kubwa kuliko mwenye mabao matatu aliyeingia dakika za mwisho. Tazama pia amefanya nini mbele ya timu ngumu, na kama anarudi vizuri baada ya mchezo mbaya.

Hatua ya tatu ni dirisha dogo, katikati ya msimu. Hiki ndicho kipindi cha hatari. Timu za Ligi Kuu zenye majeruhi hutafuta mchezaji wa haraka na wa bei ndogo, na huangalia Championship. Kiongozi wa timu ndogo hupigiwa simu, na mara nyingi huwa ana mishahara ya miezi miwili hajalipa. Ukisikia kijana wetu ameondoka katika dirisha dogo, uliza kama ameuzwa, ametolewa kwa mkopo, au mkataba wake ulikuwa umekwisha. Ni mambo matatu tofauti kabisa. Akiuzwa, timu inalipwa. Akitolewa kwa mkopo, anabaki kuwa mali ya timu. Mkataba ukiwa umekwisha, anaondoka bure.

Hapa kuna kanuni ambayo viongozi wengi wa timu ndogo huisahau. Kwa kanuni za FIFA, mchezaji aliyebakiza miezi sita au chini ya hapo katika mkataba wake anaruhusiwa kusaini makubaliano na klabu nyingine. Kwa hiyo mkataba unaokwisha Juni unaanza kuvuja Januari. Anayetaka kumuongezea kijana mkataba asisubiri ligi iishe.

Hatua ya nne ni mzunguko wa pili na mchujo. Timu iliyouza wachezaji wawili katika dirisha dogo huonekana hapa kama ina akiba. Ikiwa kijana mwingine wa miaka 18 anaingia na pengo halionekani sana, ujue kuna mtu anafanya kazi ya kulea. Ikiwa pengo linazibwa na mkongwe aliyeachwa na timu nyingine, ujue shamba halina miche.

Usisahau pia kuwa nafasi za juu ni chache. Kwa misimu ya karibuni klabu ya Ligi Kuu imeruhusiwa kusajili wachezaji wa kigeni hadi 12. Kijana wa Mafinga anayekwenda Dar es Salaam hashindani na wenzake wa Kitanzania tu. Wako wengi waliokwenda huko wakakaa benchi misimu miwili na kurudi Championship wakiwa wamepoteza kasi. Kwa baadhi yao, msimu mmoja zaidi wa kucheza kila wiki nyumbani ungekuwa na faida kuliko jezi ya timu kubwa.

Fedha ambayo timu ya kijiji inaweza kudai

Sasa tuje kwenye hesabu. FIFA ina malipo mawili kwa klabu zilizolea mchezaji.

La kwanza ni fidia ya mafunzo. Hulipwa mchezaji anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi nyingine, na tena anapohamia nchi nyingine hadi mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23. Huhesabiwa kwa miaka aliyofundishwa tangu akiwa na miaka 12.

La pili ni mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha ya uhamisho hugawanywa kwa klabu zote alizochezea tangu mwaka aliotimiza miaka 12 hadi ule aliotimiza 23. Kila mwaka wa umri wa miaka 12 hadi 15 una robo asilimia. Kila mwaka wa umri wa miaka 16 hadi 23 una nusu asilimia.

Tuweke mfano wa kubuni. Kijana alisajiliwa na timu ya kijiji chetu misimu miwili, akiwa na miaka 16 na 17. Akaenda Mbeya, akaenda Dar es Salaam, na akiwa na miaka 24 akauzwa nje ya nchi kwa dola milioni 1. Timu ya kijiji ina haki ya nusu asilimia mara mbili, yaani asilimia 1, ambayo ni dola 10,000. Tukichukua dola moja kwa shilingi 2,500, hizo ni shilingi milioni 25. Kwa timu inayochangisha fedha za mipira na nauli, hiyo ni fedha ya kuendesha misimu kadhaa.

Tazama mambo mawili katika mfano huo. Kwanza, fedha imekuja miaka saba baada ya kijana kuondoka kijijini. Ni kama misindano: anayepanda leo havuni kesho. Pili, safari ya kwanza kutoka kijijini kwenda Mbeya, na ya pili kwenda Dar es Salaam, hazikuleta mchango huo, kwa sababu ni uhamisho wa ndani ya nchi. Uhamisho wa ndani huongozwa na kanuni za TFF, na FIFA inazitaka nchi wanachama ziwe na utaratibu wa kuzituza klabu zinazowekeza kwa vijana. Kiongozi wa timu anayo haki ya kwenda chama cha soka cha wilaya au mkoa na kuuliza utaratibu huo unasemaje.

Lakini haki bila ushahidi haifiki popote. Malipo haya yanategemea pasipoti ya mchezaji, yaani kumbukumbu inayoonyesha alisajiliwa klabu gani, kuanzia tarehe gani hadi tarehe gani. Kama timu ya kijiji ilimchezesha misimu miwili bila kumsajili, au ilimsajili kwa jina la mwingine, kwenye kumbukumbu hiyo haipo. Tangu Novemba 2022 FIFA hupitisha malipo haya katika chombo maalumu ambacho huzitafuta klabu zinazodai hata kama hazikuomba. Klabu inapaswa kuwa mwanachama halali, iwe na akaunti ya benki kwa jina lake, na ipite ukaguzi. Timu ambayo fedha zake hukaa kwenye simu ya mwenyekiti haiwezi kupokea.

Na timu ikifa? Kanuni zinasema kama klabu haipo tena, sehemu yake ya mchango wa mshikamano inaweza kwenda kwa shirikisho la nchi kwa ajili ya mipango ya vijana. Fedha inabaki nchini, lakini hairudi kijijini. Hii ni sababu mojawapo ya kuilinda timu isife hata inaposhuka madaraja mawili. Timu iliyo hai katika ligi ya wilaya, yenye uanachama na kumbukumbu zake, bado ina haki juu ya vijana iliowalea miaka kumi iliyopita.

Wengine wanafanyaje

Kuna mfano wa mbali unaofaa kutazamwa. Marekani wana mchezo wa besiboli, na chini ya ligi yao kubwa kuna ligi ndogo zinazochezwa katika miji ya kawaida. Klabu kubwa ni 30, na kila moja ina timu nne ndogo zilizofungamana nayo, jumla 120. Kijana husajiliwa na klabu kubwa, ambayo ndiyo inayomlipa mshahara, kisha hupelekwa timu ndogo kukua na kupanda ngazi moja baada ya nyingine. Mashabiki wa mji mdogo wanajua tangu mwanzo kwamba kijana akiwa mzuri ataondoka. Humfuata mwaka mzima, wakihesabu siku atakapoitwa juu.

Tofauti na sisi ni kwamba kule timu ndogo haibebi gharama ya kumlipa. Kwetu timu ndogo humlisha kijana, humsafirisha na humtibu akiumia, kisha timu kubwa humchukua akiwa tayari.

Lakini mfumo wao nao una machungu. Mwaka 2021 ligi kubwa ilipunguza timu zilizofungamana nayo kutoka takriban 160 hadi 120, na miji kadhaa ikapoteza nafasi yake, kama Mbarali ilivyopoteza ya kwake. Wachezaji wa ligi ndogo walilipwa kidogo kwa miaka mingi, hadi walipojiunga na chama cha wachezaji mwaka 2022. Mwaka 2023 mkataba wao wa kwanza wa pamoja ulipandisha mshahara wa chini katika ngazi ya juu ya ligi hizo kutoka dola 17,500 hadi dola 35,800 kwa mwaka. Hawakupewa kwa huruma. Walikaa pamoja wakadai. Sisi pia tuna chama cha wachezaji, SPUTANZA, na kijana anayecheza Championship anapaswa kujua kipo.

Mzazi na kijana wafanye nini

Timu si pekee inayopoteza. Kijana mwenyewe anaweza kuumia zaidi, kwa sababu mguu wake una miaka michache ya kazi.

Kwanza, cheti cha kuzaliwa. Kijana asiye na cheti cha RITA huwa rahisi kushawishiwa apunguze umri. Huonekana faida mwanzoni, lakini hesabu zote tulizotaja hapo juu hufuata tarehe ya kuzaliwa, na umri wa uongo ukigundulika huja na adhabu.

Pili, mkataba wa maandishi. Mchezaji wa kulipwa lazima awe na mkataba ulioandikwa. Aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa zaidi ya miaka mitatu, na kwa mtu mzima kawaida mwisho ni miaka mitano. Mkataba useme mshahara, tarehe ya kulipwa, nani anatibu majeraha, na mchezaji atatokaje akitaka kuondoka. Kijana abaki na nakala yake. Sote tunakumbuka sakata la Feisal Salum, aliyetangaza kuondoka Yanga Desemba 2022. Kamati ya TFF iliamua bado ni mchezaji wa Yanga, na suala halikuisha hadi Juni 2023 alipokwenda Azam. Ikiwa nyota wa Taifa Stars mwenye watu wa kumshauri alikaa nusu mwaka kwa ajili ya maneno ya mkataba, kijana wa Nyololo asisaini akiwa amesimama kituo cha basi.

Tatu, wakala. FIFA hutoa leseni kwa mawakala, na tangu mwaka 2023 wanafanya mtihani. Majina ya wenye leseni yanaweza kutafutwa kwenye tovuti ya FIFA. Kwa kijana mdogo, wakala anahitaji ridhaa ya maandishi ya mzazi au mlezi. Mtu anayekuja kijijini na kuomba fedha ya "kumpeleka kijana majaribio" ulaya au uarabuni aulizwe leseni kwanza. Na mzazi ajue kwamba kwa kanuni za FIFA mchezaji wa chini ya miaka 18 haruhusiwi kuhamishiwa nchi nyingine, isipokuwa katika mazingira machache maalumu. Anayeahidi kumhamisha mtoto wa miaka 15 mwezi ujao anaahidi kisichoruhusiwa.

Nne, shule. Wengi wanaocheza ligi za chini hawatafika Ligi Kuu, na hilo si aibu. Kijana aliyemaliza kidato cha nne au aliyepata ufundi VETA anaweza kujaribu soka hadi miaka 23 na bado akawa na pa kurudi.

Maswali kwa viongozi wa timu

Wapo watakaosema timu ndogo haina nguvu ya kubishana na timu kubwa. Ni kweli haina fedha za kumzuia mchezaji. Lakini mkulima wa viazi anayejua uzito wa gunia lake hawezi kulazimishwa lumbesa kirahisi kama asiyejua. Nguvu ya timu ndogo iko kwenye vitu vya bei ndogo: fomu ya usajili iliyojazwa kwa wakati, mkataba wa kurasa chache, daftari la kumbukumbu na akaunti ya benki.

Kwa hiyo msimu huu, pamoja na kuuliza tumefungwa au tumeshinda, mashabiki na wanachama wakutane na viongozi wao wawaulize. Vijana wetu wangapi wa chini ya miaka 21 wamesajiliwa rasmi? Mikataba yao inaisha mwezi gani? Waliotoka hapa miaka mitano iliyopita wako wapi sasa, na kumbukumbu za usajili wao tunazo? Je, timu ina akaunti yenye watia saini zaidi ya mmoja?

Na siku utakaposikia kijana wa huku amechukuliwa na timu kubwa, mfurahie, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya timu ndogo. Kisha umpigie mwenyekiti simu umuulize ameondoka kwa karatasi gani.